Mashina ya Chai Upande wa Kulia

Alhamisi ya pili ya Julai mwaka jana nilimpoteza mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Alifia hospitalini asubuhi, mvua ikinyesha, na kabla ya jioni sisi wa nyumbani tulikuwa tumegundua jambo la pili ambalo lilituchanganya karibu kama lile la kwanza. Hatukuwa na mahali pa kumzika.

Mtu wa mbali anaweza kudhani hatukuwa na shamba. Shamba lilikuwepo, na bado lipo. Baba yetu aliligawa angali hai: vipande viwili virefu na vyembamba, vinavyoanzia barabarani na kuteremka hadi mtoni. Kimoja changu, kimoja cha mdogo wangu. Huku kwetu, mwendo mfupi kutoka soko la Ikonge, ardhi ni finyu na chai hupandwa mpaka ikakaribia kugusa kuta za nyumba. Lakini kila nyumba huachiwa nafasi upande wa kulia, ukisimama mlangoni na kutazama nje. Wengine hupanda migomba michache hapo. Wengine huacha nyasi, ndama akafungwa hapo. Hakuna anayesema kwa nini pameachwa, ila kila mtu anajua. Mwanamume huzikwa kulia kwa nyumba yake, mwanamke kushoto.

Mdogo wangu hakuacha nafasi. Alijenga nyumba yake ya mabati akiwa kijana wa mjengo, kibarua wa ujenzi, Nairobi, anakuja Desemba na kurudi Januari, na alipanda chai kuizunguka pande zote. Nakumbuka baba akisimama pale kulia na kuuliza, "Na hapa?"

"Tata, mimi bado kijana," mdogo wangu akamjibu akicheka. "Acha hapa pazae kwanza."

Baba akaenda zake. Mambo hayo hayazungumzwi na kijana. Ukiyataja ni kama unamwitia kifo.

Chai ile ilishika vizuri. Ile mistari ya karibu na nyumba ndiyo iliyokuwa ikizaa kuliko yote, labda kwa sababu ya majivu na uchafu wa jikoni uliokuwa ukimwagwa hapo.

Kisha akaanguka. Ilikuwa kwenye jengo la ghorofa kule Nairobi, ubao aliokuwa amesimama juu yake uliteleza. Alivunjika nyonga na mguu mmoja. Alikaa hospitalini muda mrefu, na alipoletwa nyumbani alikuwa anatembea kwa fimbo, mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwingine. Msichana aliyekuwa akiishi naye huko hakuja. Simlaumu, sikuwahi kumjua.

Shamba letu limeinama sana. Mtu mwenye miguu miwili mizima hushuka akishikilia mashina. Yeye hangeweza kuchuna. Kwa hiyo mimi na mama tulichuna kwake na kwangu, na yeye alikaa mlangoni kwake na simu. Mtu aliyekuwa akibeba mawe kutoka asubuhi hadi jioni sasa alikuwa anatutazama tukipita na vikapu, na anatuuliza kama tumekunywa maji. Nadhani siku zile ndizo zilizomwumiza kuliko nyonga, lakini hilo ni wazo langu tu. Hakuniambia.

Alianza kwenda Ikonge kwa kinyozi. Vijana wa huko walimjia na pikipiki, wakamshukisha pale mlangoni, wakamwekea kiti. Kinyozi yule alikuwa na televisheni, na vijana walikusanyika hapo kubashiri mechi za mpira kwa simu. Orodha ya mechi ambazo mtu amebashiri wanaiita mkeka. Moja ikienda kombo, mkeka wote umechanika. Si vijana pekee waliokuwa pale. Alikuwepo mzee mmoja aliyestaafu ulinzi, na jamaa mmoja ambaye pikipiki yake ilikuwa imechukuliwa na waliomkopesha. Ukiwatazama vizuri, wengi wao walikuwa watu ambao siku yao haikuwa na kitu kingine ndani yake.

Mdogo wangu alijua mpira. Alijua wachezaji wa nchi ambazo sisi hatuwezi kuzitaja. Wakaanza kumwita Kocha. Mara moja nilimpitia jioni ili turudi wote, nikasimama mlangoni nikiwasikiliza.

"Kocha, leo tunaweka nani?"

"Msiweke hao wa nyumbani. Kipa wao anadaka kama ana jipu kwapani."

"Wee Kocha, mgonjwa ni wewe!"

"Mimi naumwa mguu. Umeona nikidaka na mguu?"

Walicheka mpaka kinyozi akazima mashine yake asije akamkata mtu sikio. Na mimi nilicheka. Nilifurahi kumwona akiwa mtu tena katikati ya watu. Ndivyo ilivyokuwa, na siwezi kusema kwamba mchezo ule ulimjia na sura mbaya.

Sisi ni Waadventista. Jumamosi ni Sabato, na Jumamosi alasiri ndiyo mechi kubwa za Uingereza zinapochezwa. Alikuwa akiweka simu ndani ya kitabu cha nyimbo, kile chenye kava la zipu, na mama akidhani anafuata wimbo. Alasiri moja, katika kipindi cha vijana, msemaji akiwa katikati ya maombi, mdogo wangu alipiga kelele "Ndiyo!" Kanisa zima likasema "Amina!" Hata msemaji aliongeza sauti, akidhani Roho ameshuka. Tulipofika nyumbani mama alimsifu mbele ya majirani kwamba siku hizi anaomba kwa nguvu. Mimi nilitazama chini.

Siku ile alikuwa ameshinda. Alimnunulia mama godoro jipya, la kwanza ambalo halikuwa limelaliwa na mtu mwingine. Alichinja jogoo. Tulikula wote, na mama alisema kwamba mwanawe, hata akiwa ameketi, bado anamlisha. Ushindi ule mmoja ulimshika kuliko kushindwa kote kulikofuata. Kila nilipomwambia aache, alinyoosha kidole kuelekea nyumba ya mama. "Godoro lile lilitoka wapi?"

Halafu ukaja ule mchezo wa kandege. Kanaonekana kwenye simu kakipaa, na pesa yako inaongezeka kadiri kanavyopanda, nawe unatakiwa utoe kabla hakajatoweka. Huo hauhitaji kujua mpira. Hauhitaji rafiki wala kinyozi wala Jumamosi. Aliacha kwenda Ikonge. Alikuwa akikaa peke yake ndani, pazia limeshushwa asubuhi, uso wake ukiwaka kwa ule mwanga wa simu. Redio yake ikaondoka. Kuku wake wakaondoka mmoja mmoja. Ule utani wake pia uliondoka, na hilo ndilo mama alilolitambua kwanza. Aliniuliza, "Mbona siku hizi hanitanii kuhusu meno yangu?"

Alijaribu kuacha. Ni haki yake niliseme. Alimpa mama simu aifiche, na mama akaifukia katika mahindi ghalani. Alivumilia siku chache akitoka jasho na kukasirikia kila kitu, hata moshi. Kisha asubuhi moja tulimkosa. Alikuwa amekwea mwenyewe kwa fimbo yake mpaka barabarani, kwenye utelezi, akaenda Ikonge kuazima simu. Alirudi akiwa na matope hadi kifuani. Mama alifukua simu akampa, akilia. Alisema afadhali acheze akiwa ameketi kuliko avunjike ule mguu mwingine.

Jumatatu moja nilishuka kuchuna kwake nikamkuta jirani yetu, mama anayenunua ndizi soko la Birongo na kuziuza Ikonge, yuko katikati ya chai ya mdogo wangu na wachunaji wawili. Ni mjane. Marehemu mume wake alikuwa wa ukoo wetu, kwa hiyo tunaitana shemeji.

"Shemeji, umepotea njia?" nikamuuliza nikidhani ni mzaha.

Alisimamisha mikono. "Kwani hukuambiwa? Ndugu yako amenikodishia. Mpaka mtoto wangu amalize sekondari."

Kukodisha chai ni jambo la kawaida kwetu. Mwenye shamba anapewa pesa mara moja, na aliyekodi anachuna na kupeleka kituo cha kununulia chai kwa namba yake mwenyewe ya mkulima mpaka muda uishe. Walikuwa wamefanya hivyo mbele ya mzee mmoja wa ukoo. Walitembea wakihesabu mistari kutoka ukutani mwa nyumba hadi mtoni, pande zote mbili, na hakuna aliyetaja nafasi ya upande wa kulia. Mzee yule aliniambia baadaye kwamba alipofika hapo alitaka kusema, akamtazama mdogo wangu, kijana amesimama na fimbo, akashindwa. Jirani naye alifikiria hivyo hivyo. Wote watatu walipita pale wakiwa wamenyamaza kwa heshima, na heshima yenyewe ikaiingiza nafasi ya kaburi katika mapatano.

Nilimwendea mdogo wangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa."

"Basi." Halafu akasema, bila kunitazama, "Nikiwa na hii simu huwa siuoni mguu."

Hiyo ndiyo mara pekee aliyowahi kunieleza. Pesa za chai ile zilikwisha kabla jirani hajamaliza raundi yake ya pili ya kuchuna.

Kuna watu wanaosema kamari ndiyo iliyomwua. Si kweli, na sitaki iandikwe hivyo. Aliugua mapafu katika baridi ya Juni. Tulimpeleka hospitalini, wakamtibu, akashindwa. Kwamba alikuwa amekonda na hapati usingizi, hilo ni kweli. Kwamba nyumba yake haikuwa na blanketi la pili kwa sababu alikuwa ameliuza, hilo pia ni kweli. Zaidi ya hapo sijui, na daktari naye hakusema.

Ukoo ulikutana kwa mama. Mtu mmoja alisema azikwe katika kipande changu, kwani ni ardhi ya baba yule yule. Mwingine alitaja makaburi ya mji, watu wakamgeukia, akanyamaza. Wengine walisema tuchimbe pale kulia bila kuuliza, kwani ardhi ni yetu, aliyekodi amekodi majani tu. Mama alikuwa ameketi kwenye lile godoro, mlango wa chumba ukiwa wazi, akisikia yote. Mama hajui Kiswahili, maneno yake nayaweka hapa kama ninavyoweza.

"Mkimzika kwa kaka yake, mtu akipita atasema huyu alikuwa mgeni hapa. Mwanangu alikuwa na nyumba. Mimi mwenyewe niliikandika sakafu yake." Kisha akasema, "Na msimwibie yule mama. Ana mtoto."

Basi mimi ndiye niliyetumwa. Nilimkuta jirani nyuma ya nyumba yake akikata mikungu na kuipanga.

"Karibu shemeji. Pole sana. Kaa."

"Sitakaa sana."

"Kaa tu." Nilikaa. Aliendelea kukata. "Umekuja kwa sababu ya yale mashina ya kulia."

"Ndiyo."

"Mimi nilikodi chai, shemeji. Sikukodi kaburi."

"Najua."

"Ile mistari ya juu ndiyo inayonishikilia. Na mkichimba pale, wachunaji wangu hawatasogea tena karibu. Unawajua watu. Watasema majani yana udongo wa maiti. Sitapoteza mashina manne au matano tu, nitapoteza upande mzima."

"Nitakupa yangu ya kule mtoni. Uhesabu mwenyewe, shina kwa shina."

"Ya mtoni yanapigwa na baridi. Wewe mwenyewe hulalamika."

"Basi chagua popote kwangu."

Aliweka kisu chini. "Mama amesemaje?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, na lile la kutomwibia pia. Alitazama mikono yake, ilikuwa imeshika utomvu wa ndizi, mweusi.

"Nilipompa pesa zile nilijua zinakokwenda," akasema. "Kila mtu Ikonge alijua. Nikajiambia, nisipochukua mimi atachukua mwingine." Akaokota kisu. "Nenda nyumbani, shemeji. Sitaki kukujibu nikiwa bado na hasira na marehemu."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwa mama nikiwasha moto nilipoona mtu katika ukungu, upande wa kulia wa nyumba ya mdogo wangu. Ni jirani. Alikuja peke yake, bila wachunaji, amefunga aproni ya nailoni na kubeba kikapu mgongoni. Alikuwa anachuna. Alichuna mashina yale yaliyokuwa karibu na ukuta, shina moja baada ya lingine, majani mawili na kichipukizi kama inavyotakiwa, bila haraka na bila kuacha hata kimoja. Vijana walioitwa kuchimba, popote ambapo pangeamuliwa, walifika na majembe, wakaelewa, wakasimama pembeni. Mama alitoka akasimama mlangoni. Tulisikia tu ile sauti ya majani yakikatika.

Alipomaliza alijinyoosha mgongo.

"Yalikuwa yamefika," akamwambia mama. "Yangepotea bure." Kisha akanigeukia. "Ya mtoni nitayachukua. Na haya yatakayobaki ya pembeni ni yangu bado, wachunaji wakikataa nitachuna mwenyewe. Sasa chimbeni."

Vijana wale walikuwa wale wa kwa kinyozi. Mizizi ya chai inakwenda chini sana, na waliipigania kwa shoka mpaka jua likatoka. Walikuwa wamevua makoti yao na kuyatundika kwenye mashina. Simu ikalia ndani ya koti moja, ule mlio mfupi wa ujumbe wa kubashiri ambao sote tuliujua. Mwenye koti aliacha jembe, akapanda kutoka shimoni, akafika nusu ya njia, akasimama.

"Enda uangalie," mwenzake akamwambia kutoka chini. "Kocha mwenyewe angeenda."

Walicheka, kidogo tu. Yule kijana alirudi shimoni bila kuigusa simu. Jumamosi iliyofuata, najua, alicheza. Sisemi hivyo kumsuta.

Tulimzika Jumatatu. Mchungaji alihubiri juu ya kamari, akisema ni shimo. Alisema mambo ya kweli. Lakini alisema pia kwamba marehemu alipenda njia ya mkato, na hapo nilimtazama mama, ambaye alikuwa anatazama fimbo ya mwanawe juu ya jeneza. Mtu aliyebeba mawe miaka yote ile hakupenda njia ya mkato. Sikusimama kumpinga. Haikuwa siku ya mabishano.

Simu ya mdogo wangu ilibaki na mama. Ujumbe uliendelea kuja kutoka kwa watu wa mchezo. Mmoja ulisema kwamba wamemkosa. Mwingine ulisema kuna zawadi inamngojea, acheze leo kabla ya saa fulani. Nilimsomea mama siku ya kwanza, nikamweleza ni nini. Alinisikiliza, kisha akaendelea kuniletea simu ile niichaji kwa sola yangu.

"Ya nini, mama?"

"Inalia saa zile zile za mwanangu," akasema.

Nikaichomeka.

Wachunaji wa jirani walikataa, kama alivyosema. Anachuna upande ule mwenyewe, kila raundi, na hufika mpaka kwenye ukingo wa kaburi. Mwanzoni yeye na mama hawakuongea sana pale. Siku hizi mama huwa hapo aking'oa magugu, na jirani anapofika karibu husalimiana na kuulizana habari za ndizi na za magoti.

Wiki iliyopita nilikuwa chini kidogo, kwangu, nikichuna. Niliwaona wote wawili. Simu ikalia mfukoni mwa aproni ya mama. Jirani alisimama.

"Ni wale?" akauliza.

"Ni wale."

"Nikuzimie, mama?"

Mama alikaa na magugu mkononi. Kisha akaitoa simu akampa. Jirani aliifuta kwa kona ya leso yake, akabonyeza kitufe cha pembeni na kukishikilia mpaka mwanga ukafa. Akamrudishia. Mama aliiweka mfukoni. Kule juu lori la majani lilikuwa limefika kituoni, likipiga honi. Jirani akajipachika kikapu mgongoni, akapanda nacho. Mama akarudi kwenye magugu yake.